Soksi ya Kushoto

Pete mia na nne, nimezihesabu,
pete za waya, ndogo kama hereni za mtoto,
nikizing'oa moja moja kwa koleo la Tauno
juu ya meza ya jikoni. Nje ya dirisha, Kajaani yote
iko ishirini na sita chini ya sifuri,
na Datsun imo bandani gizani, haina viti,
kama kizee aliyevua meno apate kulala.

Tauno yuko Oulu. Wanambadilisha nyonga.
Ni ya chuma, kaniambia kwenye simu, ahadi yake miaka ishirini.
Nikasema, basi itatuzika.
Hakucheka. Au labda alicheka:
yeye hucheka kwa mabega,
na simu haioni mabega.

Nilishona viatu kiwandani miaka thelathini na mmoja,
ngozi naijua. Hii si ngozi.
Hii ni plastiki iliyosomea ungozi
ikafeli mtihani wa mwisho.
Naufumua mshono wa mwaka wa sabini na nne,
mnyoofu, wa mtu wa mbali sana
ambaye hakuwaza theluji wala mimi.
Kila kipande nakiandika kwa chaki:
mgongo, ubavu, paja.
Fundi wa viti na muuza nyama, lugha yao moja.

Kiti changu, cha abiria, kilikuwa tambarare.
Nimekikalia miaka arobaini na nane
mkoba mapajani, nikisema punguza mwendo.
Cha dereva kilizama upande wa kushoto.
Springi tatu zimelala, ya nne imekatika,
imetoboa gunia, imetoboa sponji,
na pale ilipotoboa, ndani kabisa,
soksi.

Ya sufu. Ya kijivu, ukingo mwekundu.
Niliifuma mwenyewe, baridi ile aliyofia mama yake.
Ndiyo hii niliyomsingizia mbwa wa Kyllikki
hata Kyllikki akaacha kuja kunywa kahawa
mpaka barafu ya ziwani ilipoyeyuka.
Imekunjwa mara nne, imeshonewa gunia
kwa uzi wa ndoana,
mishono mikubwa, ya haraka,
mishono ya mtu anayesikiliza mlango.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nilikuwa sentimita arobaini tu kutoka hapo,
tukienda kanisani, tukienda kwa daktari wa meno,
tukimpeleka Saila chuoni Joensuu, tukirudi bila yeye,
na kila kona ya kulia kulikuwa na mguno mdogo.
Nilidhani ni gia.

Plastiki mpya haikubali kuvutwa penye baridi.
Nikaipeleka sauna.
Nikaitandaza benchi la juu, nyuzijoto sitini,
bila kumwagia mawe maji,
nami nikakaa benchi la chini na aproni yangu,
tukalegezwa pamoja.
Kisha nikavuka nayo ua mbio, nimeifunika blanketi
kama mtoto mchanga,
kabla haijakumbuka ukaidi wake.
Vuta, bana. Vuta, bana.
Kidole gumba kimepasuka.
Limebaki kunyanzi moja pajani, nimeliacha.
Mimi ninayo mengi na sijafumuliwa.

Springi nimeweka mpya.
Sponji mpya, ngumu, sawa pande zote.
Soksi nimeifua.

Ijumaa kaletwa na gari la hospitali, na magongo yake mawili.
Daktari amekataza viti vya chini miezi mitatu,
kwa hiyo kiti nilikiinua juu ya kreti za bia
pale jikoni, kando ya jiko la kuni.
Alikizunguka. Akapitisha kucha kwenye mshono.
Akakaa polepole, nyonga ngeni juu ya kiti kigeni,
akanyamaza muda wa kupasha injini moto.

Halafu mkono wa kushoto ukashuka,
ukapapasa ubavu wa kiti, ukaenda chini,
ukarudi, ukaenda tena,
kama wa mtu aliyepoteza funguo.

"Iko kwenye kamba ya nguo," nikasema.

Mabega yakaanza.